Dawa ya Njoki Waliyoinywa Wanne

Nilianza kazi ya dawa kwa kunusa chupa. Sisemi kuosha, kwa maana kuosha kulikuja baada ya kunusa. Miaka ya hamsini mgonjwa alifika duka la dawa na chupa yake mwenyewe mkononi, na chupa hiyo ilikuwa imeishi maisha yake kabla ya kutufikia: ya bia, ya sosi, ya mafuta ya nywele, ya mafuta ya taa. Kazi yangu ilikuwa kung'oa kizibo, kuingiza pua, na kuamua kama chupa inafaa kubeba dawa ya kikohozi au inafaa kutupwa. Ninyi wenzangu vijana mnaofungua katoni la chupa mpya na kulalamika kwamba vifuniko vinabana, someni polepole.

Duka lilikuwa la Bwana Fernandes, Mgoa mfupi mwenye miwani minene na sauti ya mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Lilikuwa mjini Nakuru, si mbali na stesheni ya reli. Mlango wa mbele, wenye kioo na sabuni za manukato, ulikuwa wa Wazungu wa Milimani na wa mashambani. Sisi Waafrika tulikuwa na dirisha la ubavuni lililotazama kichochoro chenye vumbi, na mimi ndimi niliyewekwa nyuma ya dirisha hilo. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na chumba kimoja mtaa wa Bondeni. Nilikuwa nimepima unga katika stoo ya shamba moja huko Molo, na Bwana Fernandes alisema mtu aliyepima unga bila kuiba anaweza kufundishwa kupima dawa. Hakuuliza ni nani aliyemhakikishia kwamba sikuiba.

Siku ya kwanza nilimpa mama mmoja chupa ya dawa ya kikohozi, nikamwambia anywe kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni. Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Bwana Fernandes akachomoka nyuma ya rafu, akamkimbilia kichochoroni na koti lake jeupe, akamrudisha dirishani.

“Mama, wewe nakunywa hii namna gani?”

Yule mama akafikiri. “Nikikohoa.”

“Ona sasa, Wekesa,” akaniambia. “Wewe nasema, yeye nasikia nyingine. Kama yeye hapana rudisha maneno, yeye iko na chupa tu. Hapana iko na dawa.”

Kiswahili chake kilibaki hivyo maisha yake yote. Lakini alijua Kiingereza, Kireno na Kikonkani, nami sikujua hata kimoja vizuri, kwa hiyo sikuona sababu ya kumcheka. Tangu siku ile hakuna aliyeondoka dirishani pangu bila kurudia maneno. Wengine waliudhika. Nyapara mmoja aliniuliza kama namwona mtoto wa shule. Nikamwambia hata padri hurudia sala ile ile kila Jumapili na hakuna anayemwita mtoto. Akarudia, kwa hasira, lakini sawasawa.

Siku hizi mna bango ukutani lenye haki za mgonjwa upande mmoja na wajibu wake upande wa pili. Ni bango zuri, nimelisoma mara nyingi nikingojea dawa zangu za presha. Sisi hatukuwa na bango. Tulijifunza kila haki kwa kuiona ikivunjwa, na kila wajibu kwa kuona mtu akiumia. Mzee mmoja wa mashamba ya mkonge upande wa Solai alikunywa chupa nzima ya dawa ya tumbo kwa mkupuo mmoja, kwa sababu alitaka apone kabla ya Jumatatu. Jumatatu alikuwa amepona kweli. Jumapili yake sitaki kuieleza.

Palikuwa na memsabu mmoja, mwanamke mwenye moyo mwema, aliyewaleta wafanyakazi wake mwenyewe kwa gari na kuwajibia maswali yote. Mtu anaulizwa anaumwa wapi, memsabu anasema tumbo. Anaulizwa tangu lini, memsabu anasema tangu Jumanne. Yule mtu amesimama kimya na kofia mkononi, na tumbo ni lake. Bwana Fernandes hangeweza kumwambia memsabu anyamaze. Miaka ile haikuwa hivyo. Alichofanya ni kumwomba apite mbele anuse sabuni mpya kutoka ng'ambo, amsaidie kuchagua ya kuagiza. Memsabu alinusa sabuni zote, na huku nyuma tukajua kwamba tumbo la mtu yule halikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa chini ya tumbo, na hangeitaja mbele ya mwanamke hata kwa kupigwa.

Magonjwa ya namna hiyo yalitufundisha jambo jingine. Foleni ya dirishani ilikuwa na masikio. Basi tukaweka pipa la maji hatua chache nyuma, na kila mtu akangojea hapo mpaka aitwe. Mwenye ugonjwa wa aibu aliambiwa apite mlango wa nyuma, kama mtu anayeleta kuni, na chupa yake ilifungwa gazeti. Bwana Fernandes alikuwa na methali moja ya Kiswahili tu, naye aliitumia kila siku: mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliisema vibaya, lakini aliiamini. Mtu akijua siri yake haitatoka, ataitoa. Asipojua, atakupa ugonjwa wa uongo nawe utampa dawa ya uongo.

Nisivisahau vifaa. Tulikuwa na mizani ya shaba iliyotetemeka mtu akikohoa karibu, kinu cha kauri na mchi wake, na glasi ya kupimia iliyochongwa mistari. Lakini kifaa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa mkasi. Wagonjwa wengi hawakujua kusoma lebo, wala kijiko cha nyumba moja hakikulingana na cha nyumba nyingine. Kwa hiyo tulikata ukanda mwembamba wa karatasi, tukautia meno kama msumeno, tukaubandika ubavuni mwa chupa kwa gundi. Kila jino ni kipimo kimoja. Dawa ikishuka jino moja, mgonjwa amekunywa sawa. Nilikata meno mazuri sana, na hili nalisema bila haya.

Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Watu wa Nakuru wa umri wangu hawahitaji kuelezwa; ninyi wengine waulizeni babu zenu, kama watakubali kusema. Kwetu dukani maana yake ilikuwa kwamba dawa nayo ilianza kutiliwa shaka. Iodini, bandeji, salfa ya kuua vijidudu, vyote vilisemekana vinaingia msituni kwa wapiganaji. Tuliambiwa tukiona mtu anachukua dawa kupita haja yake, hasa akiwa Mkikuyu, tuseme. Na ili tusisahau kusema, akaletwa koplo mmoja wa polisi akae mchana kwenye benchi letu la kichochoroni.

Koplo alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, na benchi lilimlalamikia kila alipogeuka. Aliwasalimu watu, alibeba watoto wa foleni. Lakini kazi yake ilikuwa kazi yake, na mtu aliyetajwa naye alipakiwa kwenye lori, akapelekwa kizuizini. Nitaongeza tu kwamba naye aliwahi kupita mlango wa nyuma, akaondoka na chupa iliyofungwa gazeti. Alichougua sikumwambia mtu wakati ule, wala sitawaambia leo, ingawa huenda ameshafariki.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Wanjiru. Alifanya kazi kwenye shamba upande wa Kiamunyi, ambako leo mnajenga nyumba za ghorofa na wakati ule palikuwa na mahindi na ng'ombe wa Mzungu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na mgongoni alikuwa na binti yake Njoki anayepumua kwa shida. Barua ya bwana shamba, ambayo pia ilikuwa kibali chake cha njiani, ilisema mtoto wa Wanjiru ana kifua, atibiwe. Daktari Mhindi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemsikiliza mtoto na kuandika salfa kwa ajili ya kichomi. Nikasaga vidonge kwenye kinu, nikavichanganya na sharubati na maji ya maganda ya machungwa ili mtoto asiteme, nikakata ukanda wa meno. Nikamweleza Wanjiru. Akarudia maneno vizuri kuliko nilivyoyasema mimi.

Chupa ile ilikuwa ya wiki nzima. Kabla wiki haijafika katikati, Wanjiru alikuwa tena kwenye pipa letu la maji. Nilipomwita akaweka chupa dirishani. Ilikuwa tupu, imeoshwa, inang'aa. Njoki alikuwa bado mgongoni, na joto la mwili wake nililisikia nilipomgusa mguu.

“Imeisha,” akasema Wanjiru.

“Imemwagika?”

“Haijamwagika.”

Benchi likalia. Koplo alikuwa amegeuka kutusikiliza.

Hapo nilielewa kilichokuwa mbele yetu, na nyinyi pia mkielewe. Mama wa Kikuyu, dawa ya salfa, chupa imekwisha kabla ya wakati, na mtoto hajapona. Kwa masikio ya koplo jibu lilikuwa moja tu: dawa imekwenda msituni. Akisema hivyo kituoni, Wanjiru hatarudi nyumbani jioni ile. Mimi mwenyewe sikujua dawa imekwenda wapi. Nilitaka sana kujua, lakini si pale.

Bwana Fernandes alikuwa ameona. Akaegemea dirisha, akasema kwa sauti ya kutosha wote, “Mama, mtoto hii iko na kiu. Pita nyuma, iko maji.”

Kule nyuma tulimkalisha juu ya sanduku. Njoki akapewa maji kweli, akayanywa yote. Bwana Fernandes akakaa kwenye sanduku la pili, karibu, magoti yake yakikaribia kugusa ya Wanjiru, akavua miwani. Niliwahi kumwona akiwagombeza wakaguzi wa serikali, lakini siku ile hakupandisha sauti hata kidogo.

“Mama, mimi hapana polisi. Mimi nauliza kwa sababu ya mtoto tu. Dawa nakwenda wapi?”

Wanjiru akatazama mlango. Akanitazama mimi. Kisha akasema kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mjinga angelijua:

“Walikunywa.”

“Nani?”

“Watoto. Hiyo dawa ni tamu. Nitampa Njoki kijiko namna gani, na wenzake wamesimama hapo wanameza mate? Kwetu mtoto hapewi kitu kitamu peke yake. Macho ya wenzake itabaki kwa hiyo kijiko, na dawa haitashika. Kila nikimpa Njoki jino moja, nawapa wengine jino moja moja. Si waligawana sawa?”

Waligawana sawa. Hakuna aliyepunjwa isipokuwa ugonjwa. Nilijikuta nacheka na kutaka kulia pamoja, kwa sababu mama yangu kule Bungoma angefanya vivyo hivyo, na kwa sababu utamu ule niliutia mimi kwa mkono wangu, kwa nia njema. Tulikuwa tumemuuliza atampa mtoto mara ngapi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza nyumbani kuna watoto gani.

Bwana Fernandes hakumgombeza. Wala hakumwambia habari ya macho ni ujinga. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema hata kwa mama yake ilikuwa hivyo hivyo. Kisha akasimama, akaniashiria nijaze tena chupa ya Njoki, naye akachukua chupa nyingine, akachemsha maji na sukari, akatia maganda ya machungwa. Akafunga uzi mwekundu shingoni mwa chupa.

“Hii ya ndugu zake. Hapana dawa, ni sukari tu. Ile ya meno ni ya Njoki peke yake. Wote nakula kijiko, wote nafurahi, macho yote nashiba. Lakini ya Njoki, hata tone moja kwa mtoto ingine, hapana. Sawa?”

Wanjiru akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akarudia: ya uzi ni ya wenzake, ya meno ni ya Njoki, hata tone moja. Nikamuuliza watoto ni wangapi, ili nijue ukubwa wa chupa ya sukari. Hakunipa hesabu, kwao watoto hawahesabiwi kama mbuzi, hutajwa. “Ni Njoki. Na Wambui. Na Karanja.” Akamfuta Njoki mdomo. “Na Mwangi.”

Lile jina la mwisho lilishuka chini kuliko mengine.

“Mwangi ni mkubwa?” nikauliza.

“Ni kama Njoki tu.”

“Ni mapacha?”

Akatikisa kichwa. Nikangoja. Katika kazi hii, vijana, kungoja ni kifaa kama mizani. Mwishowe akasema, akiangalia sakafu:

“Si wangu. Ni wa jirani yangu Nyambura. Walimbeba na lori, hata ugali ilibaki kwa moto. Bwana shamba hajui mtoto alibaki kwangu. Akijua atampeleka rizavu ya Wakikuyu, na huko hana mtu.”

“Naye anakohoa?” Bwana Fernandes akauliza.

“Anakohoa kuliko Njoki.”

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Dawa moja, yenye jina moja, kwa barua moja, na wagonjwa wawili wa kichomi. Huyu wa pili hakuwa na barua, wala mama, wala jina mahali popote. Vile vijiko vichache alivyogawiwa ndivyo vilivyomshikilia, na sasa sisi wenyewe tulikuwa tumeagiza visitolewe tena. Wanjiru aliliona hilo kabla yetu. Alishika chupa zote mbili mapajani, hasimami.

“Basi nipeni ya meno mbili,” akasema. “Andikeni Njoki zote.”

Nilidhani Bwana Fernandes angekubali. Moyo wangu ulikuwa umeshakubali. Lakini alikataa, na mpaka leo naona alikataa vizuri. Alisema dawa ya mtoto asiyeonwa na daktari yeye hatoi, maana huenda kikohozi cha Mwangi si cha Njoki, na salfa humdhuru mtoto asiyeihitaji. Mwangi ana haki ya kutazamwa yeye, si kutazamwa kupitia kifua cha mtoto mwingine. “Lete yeye kesho,” akasema. Wanjiru akamwuliza atampitishaje kwenye kizuizi cha barabara bila barua. Bwana Fernandes akavaa miwani yake, akamfungulia mlango. Usiku ule nilikula chakula bila kujua ninakula nini.

Asubuhi yake Wanjiru alikuja. Alimwacha Njoki kwa Wambui, dada yake mkubwa, akamfunga Mwangi mgongoni kwa shuka lile lile, akashika barua ile ile. Pale kwenye kizuizi askari alisoma: mtoto wa Wanjiru, ana kifua. Mwangi akakohoa bila kuambiwa. Wakapita.

Nilivuka nao barabara hadi kwa daktari ili niwe mkalimani. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na vijana wake walimwogopa. Alisoma barua, akatafuta jina katika karatasi yake ya juzi, akasema Njoki alazwe mezani. Akafungua shuka. Akatazama. Akamfunika mtoto kidogo, akamfunua tena, kana kwamba mambo yangebadilika.

“Mwambie huyu mama,” akaniambia kwa Kiingereza, “kwamba tangu juzi binti yake amekuwa mvulana.”

Sikutafsiri. Wanjiru hakuhitaji tafsiri. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nikamwambia daktari kwamba mtoto anaitwa Mwangi, na kwamba mama yake hayuko. Hakuuliza yuko wapi. Aliweka kipimo chake kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza muda mrefu, mbele na nyuma, na mbavu za mtoto zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Kisha akaandika dawa, na juu yake akaandika Mwangi. Alipomrudishia Wanjiru mtoto alisema kwa Kiswahili chake kidogo, “Umechelewa, lakini hujachelewa sana.”

Nikasaga salfa kwa haraka ambayo Bwana Fernandes hakuipenda. Nilipokuwa nabandika lebo, Wanjiru aliuliza nimeandika nini. Nikamsomea: Mwangi.

“Andika na jina ya mama yake,” akasema. “Mwangi wa Nyambura.”

Nikamwambia jina lile linaweza kumletea matata njiani. Akasema wakimshika na dawa isiyo na mwenyewe, watasema ni ya msituni. Lakini ikiwa na jina, angalau wataona ni ya mtoto. Na akiulizwa mtoto ni wa nani, hatamkana mama yake kwa sababu ya chupa. Nikaandika.

Nilikuwa naiweka dirishani ndipo mkono mkubwa ulipoichukua. Koplo alikuwa amesimama.

“Mwangi wa Nyambura,” akasoma polepole. “Lakini huyu mama mtoto wake mgonjwa ni Njoki. Nilisikia na masikio yangu. Jana chupa, leo chupa ingine. Huyu Mwangi ametoka wapi?”

Wanjiru hakugeuka, ila mkono wake ulikwenda mgongoni ukashika mguu wa mtoto.

“Koplo,” nikasema kwa sauti ya chini, “hayo ni mambo ya mgonjwa.”

“Mimi ndio nauliza.”

“Nikikueleza ya chupa hii, kesho mtu mwingine atakuja kuniuliza ya chupa nyingine. Na mimi nitakuwa nimeshazoea kueleza.”

Akanikazia macho. “Chupa gani ingine?”

“Sijui. Zimepita nyingi hapa. Zingine zimefungwa gazeti.”

Sikumtisha, na msiandike popote kwamba nilimtisha. Nilimkumbusha haki aliyokuwa akiifaidi mwenyewe. Aliigeuza chupa mkononi, jasho likimtoka puani. Mwangi akakohoa, kile kikohozi kikavu kinachomkunja mtoto kama kijikaratasi. Koplo akamtazama. Akaiweka chupa dirishani taratibu kuliko alivyoichukua.

“Huyu mtoto anapumua vibaya,” akasema. “Mama, mpe sasa hivi, usingoje mpaka nyumbani. Na pale kwa kizuizi, sema koplo wa duka la dawa amekuona.”

Akarudi kwenye benchi. Wanjiru akampa Mwangi jino la kwanza pale pale kichochoroni, na watu wa foleni wakampisha kivulini.

Watoto wote wawili walipona. Najua kwa sababu Wanjiru aliwaleta kwa zamu, Njoki kwanza, kisha Mwangi, kwa barua ile ile iliyokuwa imechakaa mikunjo mpaka haisomeki, jambo lililotufaa sisi sote. Tangu hapo, kabla ya kumpa mama yeyote dawa ya mtoto, nilimwomba anitajie watoto wa nyumbani kwake. Rafu ya chini ilikuwa na chupa za uzi mwekundu daima, na sukari yake ilitoka mfukoni mwa Bwana Fernandes, ambaye alidai ni hasara ya panya.

Miaka ilipita. Hali ya Hatari ilipokuwa inaelekea mwisho, malori yalianza kurudisha watu. Asubuhi moja Wanjiru alifika dirishani na mwanamke mwingine, mrefu, amenyolewa nywele, nguo zinamning'inia. Mwangi alikuwa nyuma ya sketi ya Wanjiru. Alikuwa sasa mvulana wa kwenda shule, na kila yule mwanamke aliposogea, yeye alizungukia upande wa pili.

“Wewe ndiye ulimpa mtoto wangu dawa?” mwanamke akauliza.

Kwa mtu wa kazi yetu hilo kwa kawaida ni swali la kuanzisha ugomvi. Nikajibu kwa uangalifu kwamba tulikuwa watatu, mimi na mwenye duka na daktari.

“Mimi ndio Nyambura. Nataka kuambiwa.”

“Uambiwe nini, mama?”

“Yote. Aligonjeka nini. Alipewa nini. Mimi sikuwako.”

Nikafunga dirisha, nikawaingiza kwa mlango wa nyuma. Nikamweleza kichomi ni nini na kilishika upande gani wa kifua. Nikamtolea vidonge vya salfa, akavishika kiganjani, akavigeuza. Nikamweleza daktari alisikia nini, na jinsi mbavu zilivyokuwa zikiingia, na siku gani ziliacha kuingia. Wanjiru aliongeza alipokumbuka. Nyambura alisikiliza bila kulia. Kila nilipodhani nimemaliza, alikuwa na swali jingine.

“Alilia?”

“Siku ya kwanza alilia sana,” Wanjiru akasema. “Alikuwa anaita wewe.”

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. “Na hiyo dawa. Ilikuwa chungu?”

“Kidogo,” nikasema. “Tulitia sharubati.”

Akafikiri. “Nionjeshe.”

Bwana Fernandes alikuwa mlangoni. Kanuni yake, na yangu, na yenu, ni kwamba dawa hupewa anayeihitaji. Nilimtazama, naye akanitazama, kisha akaenda mwenyewe kuleta kinu. Nikasaga kidonge, nikatia sharubati na maji ya maganda, nikampimia kijiko cha mtoto. Nyambura akakipokea kwa mikono miwili. Hakumeza upesi. Alifumba macho, akaiweka dawa mdomoni kwa muda mrefu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Mwangi alikuwa ametokeza kichwa. Alimtazama yule mwanamke asiyemjua akilamba kijiko, akameza mate. Akaiacha sketi ya Wanjiru, akapiga hatua moja, kisha nyingine, mpaka akasimama mbele ya magoti ya mama yake.

“Na mimi,” akasema.

Nikachukua chupa ya uzi mwekundu, nikampa Nyambura kijiko kingine kilichojaa, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe.